Jiwe lililoanguka Peramiho mwaka 1899 lilitoka Vesta: tuijue asteroidi hii, njia yake na umbo lake

Nyasa Darubini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ukitaja kimondo Tanzania, akili ya kila mtu inakwenda Mbozi, na ni haki yao, maana lile ni pande la chuma la tani nyingi na mtu akifika pale anapiga picha amesimama kando yake. Leo naomba tukae na jiwe dogo, lile ambalo ungeliweka kiganjani na kufumba vidole. Oktoba 1899 lilianguka Peramiho, kama km 25 kutoka Songea, wakati Wabenedikto wana mwaka mmoja tu tangu waanzishe misheni yao pale. Kilichookotwa kilikuwa gramu 165, uzito wa kipande cha sabuni ya kuogea.

Nimekulia upande huo wa Ruvuma na sikuwahi kulisikia shuleni, kanisani wala kwa wazee. Nilikutana nalo ukubwani, kwenye orodha ya vimondo vya dunia nzima: Peramiho, yukraiti. Neno hilo yukraiti ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Maana yake ni kwamba jiwe letu lina kwao, na kwao panajulikana kwa jina: ni Vesta, ya pili kwa uzito kati ya asteroidi, ile miamba inayolizunguka Jua kwenye mkanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Ya kwanza ni Ceres, ambayo siku hizi inahesabiwa sayari kibete.

Nianze na njia yake, kwa sababu bila njia hamtaelewa jiwe lilifikaje Ruvuma.

Vesta inalizunguka Jua kwa umbali wa wastani wa mara 2.36 ya umbali wetu sisi. Njia yake ni duaradufu, lakini haijabonyea sana: ikiwa karibu kabisa na Jua inafika mara 2.15, ikiwa mbali kabisa mara 2.57. Kwa kilomita ni kama milioni 322 hadi milioni 385. Njia hiyo haikulala sawasawa na ya Dunia, imeinama kwa nyuzi 7 hivi. Mwendo wake ni kama km 19 kwa sekunde. Dunia yetu inakwenda karibu 30.

Mwaka wa Vesta mnaweza kuupata wenyewe hapo mlipo. Toa simu, fungua kalkuleta. Andika 2.36 mara 2.36 mara 2.36, utapata 13.14 na ushei. Sasa bonyeza kipeuo cha pili: 3.63. Basi, mwaka mmoja wa Vesta ni miaka yetu 3.63. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Kepler, na inafanya kazi kwa kila kitu kinacholizunguka Jua. Mara ya kwanza nilipoifanya nilirudia mara tatu, sikuamini kama mambo ya mbinguni yanaingia kwenye simu ya kitochi.

Siku yake, nayo, ni fupi ajabu: inajizungusha yenyewe kwa saa 5 na dakika 20. Ukiwa pale, kati ya jua kuchomoza na kuzama hazifiki saa tatu.

Umbo nitaliendeleza nikipata nafasi. Karibuni.

Kibatari

Mkuu umeshusha nondo. Ila swali langu ni la mtu wa kawaida: nani aliiona kwanza, na aliionaje wakati huo hakuna mitambo?

Nyasa Darubini

Aliiona daktari wa binadamu, ndugu yangu. Heinrich Olbers wa Bremen, Ujerumani. Mchana anatibu wagonjwa, usiku yuko ghorofani kwake na darubini. Ilikuwa tarehe 29 Machi 1807.

Na kisa chake kinanigusa. Ceres ilikuwa imeonwa 1801 na Giuseppe Piazzi kule Palermo. Mwaka uliofuata Olbers mwenyewe akaiona Pallas, na 1804 Karl Harding akaiona Juno. Olbers akajiuliza: mbona vitu vitatu vinagombania nafasi moja? Akafikiri lazima kulikuwa na sayari kubwa iliyovunjika, na hivi ni vipande vyake. Kama ni vipande basi vinapaswa kupita tena na tena palepale ilipopasukia. Akachagua maeneo mawili ya anga, akayapekua miaka na miaka, hadi akaipata Vesta.

Wazo lake halikuwa sahihi. Hakukuwa na sayari kubwa iliyopasuka. Vitu vya mkanda ule havikuwahi kuungana vikawa sayari, kwa sababu Mshtarii ulikuwa unavivuruga. Lakini kupekua kwake kulikuwa kwa kweli, na alichokipata kipo. Jina akamwachia mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, aliyepiga hesabu ya njia yake, naye akachagua Vesta, mungu wa Kirumi wa moto wa mekoni. Baada ya hapo ilipita miaka 38 bila asteroidi nyingine mpya, hadi 1845.

Mama wa Uani

Kaka, mimi nakaa Tunduru, umeme ukikatika nyota zinamwagika. Hiyo Vesta inaonekana kwa macho au mpaka mitambo?

Nyasa Darubini

Dada, swali zuri, na kwako Tunduru una bahati kuliko mtu wa Dar. Vesta ndiyo asteroidi pekee ambayo mara kwa mara inafikia mwanga wa kuonekana kwa macho matupu, mahali penye giza la kweli. Haiko hivyo kwa sababu ya ukubwa. Ceres ni kubwa zaidi. Ni kwa sababu uso wake unarudisha zaidi ya asilimia 40 ya mwanga unaoupokea. Mwezi wetu, pamoja na kung'aa kwake kote, unarudisha kama asilimia 12. Vesta ni kama bati jipya kijijini kwenye nyumba za nyasi.

Nikueleze nilivyoiona mimi. Mwishoni mwa Aprili 2025 mvua zilikuwa zinaaga na Mwezi umejificha. Nilikuwa na darubini ya macho mawili, zile za kutazamia wanyama, nimeegemeza viwiko kwenye ukuta wa uani ili mikono isitetemeke. Vesta ilikuwa mpakani mwa Mashuke na Mizani. Saa sita za usiku hapa kwetu inakuwa karibu na utosi, shingo inauma. Kwenye duara la darubini kulikuwa na vidoa vingi na vyote vinafanana. Hakuna kilichoniambia kuwa ndicho.

Kwa hiyo nilichukua daftari la mraba la mwanangu na penseli, nikachora vidoa tisa kama vilivyokaa. Usiku wa pili mawingu. Usiku wa tatu nikachora tena kwenye ukurasa wa pili, bila kutazama ule wa kwanza. Asubuhi nikaziinua kurasa mbili pamoja dirishani, mwanga upite. Vidoa vinane vililala juu ya wenzao. Kimoja kilikuwa kimehama, karibu upana mzima wa Mwezi.

Nilikaa kitandani na lile daftari kwa muda. Kidoa kile kilikuwa takriban km milioni 170 kutoka kwangu, na huko ndiko jiwe la Peramiho lilikotoka.

Chumvi ya Uvinza

Mleta uzi, nakuheshimu, ila hapo kwenye jiwe naomba tusiende haraka. Mtu anaokota jiwe Ruvuma 1899. Hakuna aliyeliona likiondoka Vesta. Mnawezaje kusema limetoka huko na si mahali pengine? Mimi ni mtu wa madini, nimeona mawe mengi yanafanana na hayana undugu.

Nyasa Darubini

Mzee wa madini, hilo ndilo swali la uzi mzima, na umelileta vizuri.

Wewe unajua basalti, lile jiwe jeusi la volkano. Yukraiti ni basalti. Ni lava iliyopoa, na umri wake ni miaka karibu bilioni 4.5, yaani iliganda mfumo wetu wa Jua ukiwa bado mchanga. Sasa mwili mdogo wa angani hauna lava kwa kawaida. Vimondo vingi ni mchanganyiko mbichi ambao haukuwahi kuyeyuka. Kwa hiyo tangu mwanzo wanasayansi walijua wanatafuta mzazi wa aina yake, aliyewahi kuyeyuka na kutapika lava.

Mwaka 1970 Thomas McCord na wenzake walichukua mwanga wa Vesta, wakauchambua rangi kwa rangi, wakaona pengo kwenye mwanga ule mahali palepale ambapo madini ya piroksini hula mwanga. Wakaweka mwanga wa Vesta kando ya mwanga uliorudishwa na yukraiti maabara. Ukafanana.

Pingamizi lako lilikuwepo hata wakati huo: sawa, vinafanana, lakini jiwe litatokaje pale hadi hapa? Vesta iko mbali na milango inayotoa mawe kwenye mkanda. Jibu lilikuja 1993, Richard Binzel na Shui Xu walipokuta asteroidi ndogondogo zenye mwanga uleule wa Vesta, zimetapakaa kuanzia kando yake hadi karibu na mlango wenyewe. Ni kama kukuta punje za mahindi njiani kutoka ghalani hadi shimo la panya.

Kisha kuna oksijeni. Kila mwili wa angani una uwiano wake wa aina tatu za oksijeni ndani ya mawe yake, na yukraiti karibu zote zina uwiano mmoja, usio wa Dunia wala wa Mirihi. Ni watoto wa mama mmoja.

Mwl wa Kata

Naomba nimsaidie mleta uzi kwenye huo "mlango", maana wanafunzi wangu huwa wanakwama hapo.

Mshtarii unalizunguka Jua kwa miaka 11.86. Gawanya kwa 3, unapata 3.95. Kitu chochote kwenye mkanda chenye mwaka wa 3.95 kitazunguka mara tatu wakati Mshtarii unazunguka mara moja, kwa hiyo mvuto wa Mshtarii unakikuta kwa mpangilio uleule, mzunguko hadi mzunguko. Mahali hapo ni umbali wa mara 2.5 ya ule wa Dunia, na ukichora asteroidi zote utaona pengo tupu pale.

Kila mtu aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anaijua fizikia hii. Maji yana mwendo wao wa kuyumba. Ukitembea kwa hatua zisizolingana na mwendo ule, unafika nyumbani ndoo imejaa. Hatua zako zikilingana nao, kila hatua inaongeza kidogo juu ya ile iliyotangulia, na maji yanakumwagikia mgongoni, ingawa hukukimbia wala hukujikwaa. Ndivyo Mshtarii unavyomwaga mawe kutoka pale kwenye 2.5. Njia yao inarefuka na kubonyea hadi inakatiza njia ya Mirihi, kisha ya Dunia.

Vesta iko 2.36, salama. Vipande vyake vidogo havikai salama. Joto la Jua linalofyonzwa upande mmoja na kutolewa upande mwingine vikijizungusha huvisukuma kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na baadhi hufika mlangoni.

Nyasa Darubini

Asante sana Mwalimu. Mfano wa ndoo nauchukua.

Sasa umbo, maana humo ndimo kilipo kidonda kilichotoa jiwe letu.

Vesta si mviringo kamili. Vipimo vyake ni km 573 kwa 557 kwa 446. Imebanwa upande wa kusini kama chungwa lililokaliwa. Wastani ni km 525. Uso wake wote ukiutandaza ni kama km za mraba 866,000, yaani Tanzania yetu inauzidi kidogo. Msongamano wake ni karibu gramu 3.46 kwa sentimita ya ujazo, jiwe zito la kweli, si lundo la kokoto. Uvutano ni mdogo sana: mtu wa kilo 70 akisimama kwenye mizani ya kwetu kule, itasoma chini ya kilo 2.

Chombo cha Dawn cha Marekani ndicho kilichotuonyesha yote haya kwa karibu. Kilirushwa Septemba 2007, kikasukumwa na injini ya ioni inayotumia gesi ya zenoni, ambayo nguvu yake ni kama uzito wa karatasi moja mkononi mwako. Karatasi moja, lakini inasukuma usiku na mchana kwa miaka. Kilifika Julai 2011, kikaizunguka Vesta mwaka mzima na zaidi, wakati mmoja kikishuka hadi kama km 210 juu ya uso, kisha Septemba 2012 kikang'oka kwenda Ceres. Ndicho chombo cha kwanza kuzunguka miili miwili tofauti nje ya Dunia na Mwezi.

Kusini kabisa kilikuta kasoko waliyoiita Rheasilvia. Upana wake ni kama km 500. Rudi juu uangalie upana wa Vesta yenyewe: 525. Pigo lililochimba shimo lile lilibakiza kidogo tu Vesta isivunjike vipande. Katikati ya shimo kumeinuka mlima wa km 20 na zaidi kutoka kitako chake. Kilimanjaro ni km 5.9, weka Kilimanjaro tatu, moja juu ya nyingine, bado hujafika kileleni. Na mtikisiko ulizunguka hadi ikweta ukaacha mitaro mirefu, mmojawapo, Divalia Fossa, una urefu wa km 465.

Chini ya Rheasilvia kuna kasoko nyingine ya zamani zaidi, Veneneia, ya km 400 hivi. Rheasilvia inakadiriwa kuwa na miaka bilioni moja. Mapigo hayo ndiyo yaliyomwaga vile vipande vya njiani vya Binzel na Xu, na vimondo vya jamii ya yukraiti navyo vinahesabiwa kuwa vilianzia humo.

Upepo wa Lodwar

Hamjambo wote kutoka Turkana. Nimefuata uzi huu tangu asubuhi. Hapa kwetu ukivuka mpaka kuingia Sudan Kusini unafika Kapoeta. Mwaka 1942 kulianguka jiwe huko, zaidi ya kilo 11. Hilo nalo si la Vesta?

Nyasa Darubini

Ndugu wa Lodwar, umenifurahisha. Ndiyo, ni la ukoo uleule, ila Kapoeta inaitwa hawadaiti. Ukoo una matawi matatu: yukraiti ni lava ya juu, diojeniti ni jiwe lililopoa polepole chini zaidi, na hawadaiti ni vifusi vya yote mawili vilivyosagwa na kushikana tena. Kwa maneno mengine Kapoeta ni udongo wa juu wa Vesta uliogeuka jiwe. Ni maarufu maabara kwa sababu ndani yake mna gesi za upepo wa Jua zilizonaswa pale punje zake zilipokuwa zimelala wazi juani.

Kwa hiyo kutoka Ruvuma hadi mpakani mwa Turkana tuna lava ya Vesta na udongo wake.

Kibatari

Je, yenyewe Vesta haiwezi kutujia siku moja? Hilo pigo lingetumaliza.

Mwl wa Kata

Ondoa shaka. Ikiwa karibu kabisa na Jua bado iko mara 2.15 ya umbali wetu, kwa hiyo kati yake na njia ya Dunia pana zaidi ya km milioni 165 siku zote. Na njia yake ni tulivu. Zinazotazamwa kwa wasiwasi ni zile ndogo ambazo njia zao zinakatiza yetu.

Chumvi ya Uvinza

Nimesoma majibu, nimeridhika kuhusu basalti. Lakini kuna jambo mleta uzi hajaligusa. Vitabu vinasema Vesta ina kiini cha chuma, joho na gamba, kama Dunia ndogo. Aprili 2025 Ryan Park wa NASA na wenzake walirudia hesabu za Dawn, jinsi Vesta inavyojizungusha na inavyokivuta chombo, wakakuta uzito wake umesambaa ndani karibu sawasawa. Haionyeshi kiini kikubwa kizito katikati. Hapo unasemaje?

Nyasa Darubini

Mzee, huo ndio mjadala mtamu kuliko wote na umenikuta nikiuandalia maelezo.

Hesabu za mwanzo za Dawn zilitoa kiini cha chuma chenye nusu kipenyo cha km 110 hivi. Hesabu mpya zinakataa. Na Park na wenzake wameweka njia mbili mezani. Moja: Vesta ilianza kuyeyuka, lava ikapanda juu, lakini ikapoa kabla chuma hakijamaliza kuzama. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi: kwamba Vesta yenyewe ni kipande, kilichotoka kwenye sayari changa kubwa zaidi iliyopigwa ikapasuka zamani za mwanzo.

Kama njia ya pili ndiyo, basi wazo la daktari Olbers, ambalo tulilikataa hapo juu, linapata mlango mdogo wa nyuma. Si kwa mkanda mzima, hapana. Kwa Vesta peke yake.

Lakini angalia kisichobadilika. Basalti iko juu ya Vesta, Dawn imeipima. Mwanga unafanana, madini yanafanana. Jiwe la Peramiho bado ni la ukoo huo. Kinachohojiwa ni nani alikuwa mama wa Vesta.

Mimi kwa moyo wangu naegemea njia ya kwanza, ya kupoa mapema, kwa sababu ile ya pili inadai tueleze mabaki mengine ya sayari hiyo yako wapi. Wewe mtu wa madini unaonaje?

Chumvi ya Uvinza

Mimi naegemea ya pili. Jiwe lililopoa nusunusu nimeliona mgodini: huwa linaacha tabaka linalosimulia, chuma kimekwama katikati ya safari. Kwenye yukraiti chuma kimeondoka karibu chote. Kama kiliondoka, kilikwenda mahali. Kama si ndani ya Vesta, basi kilibaki kwa mama yake.

Nyasa Darubini

Hoja nzito. Nimeinakili kwenye lile daftari, ukurasa unaofuata vidoa.

Mama wa Uani

Kaka, mimi nangoja tu uniambie lini nitoke nje.

Nyasa Darubini

Dada, Dunia huipita Vesta kila baada ya miezi 16 au 17 hivi, na hapo ndipo inapokuwa karibu nasi na kuonekana vizuri. Baada ya ile ya Mei 2025, inayofuata ni Oktoba 2026. Oktoba Tunduru ni kiangazi, mawingu ni machache. Tafuta darubini ya macho mawili hata ya kuazima, daftari la mraba na penseli. Chagua siku ambazo Mwezi haupo. Chora vidoa vyote unavyoviona, hata vile hafifu, uache usiku mmoja, uchore tena bila kuchungulia ukurasa wa kwanza. Ukiona kimoja kimehama, njoo utuwekee picha za kurasa zote mbili hapa hapa.